Siku Kuku Waliponiacha

Asifiwe Bwana aliyenipa mikono miwili, akaiacha isumbuke kwa muda, kisha akanirudishia yote miwili ikiwa na adabu! Mbukwenyi, ndugu zangu. Nawasalimu ninyi mnaosoma wenyewe, na ninyi mnaosomewa, na ninyi mliokaa karibu na mlango ili mtoke mapema. Nawajua. Mimi nilikuwa wa kwenu.

Jina langu la ubatizo ni Damari, mke wa Yohana. Kutoka kijijini kwetu hadi Mvumi, penye misheni, ni mwendo wa asubuhi kwa mtu mwenye miguu. Kwangu mimi ni mwendo wa kufikiriwa tangu mwezi uliopita, maana niseme mapema, mimi ni mtu wa ndani. Wengine Bwana amewaita waende kwa mataifa yote. Mimi aliponiangalia, nadhani alisema, "Huyu na akae." Naipenda tembe yetu, na paa lake la udongo, na giza lake lenye ubaridi wakati nje jua linachoma. Reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma, kijiji kizima kilikwenda kulitazama gari la moshi. Mimi nikasema moshi ninao jikoni.

Nilisoma shule ya misheni mpaka darasa la juu kabisa, wasichana wenzangu wakiwa wamekwisha olewa. Ukinipa ramani nitakuonyesha Yordani kwa kidole. Lakini kisima cha kijiji cha jirani nilikuwa sijakiona! Ndiyo maana mama mkwe wangu aliniita Msomi, na hakuniita hivyo kwa kunisifu.

"Msomi wetu," alikuwa akiwaambia wageni, "jembe hajui linashikwa wapi, lakini mwulize jina la mfalme yeyote aliyekufa."

Tuliishi tembe moja, mimi na Yohana upande huu, yeye upande wa ng'ombe. Wakati ule alikuwa hajabatizwa. Jumapili alinisindikiza mpaka mlangoni pa kanisa, akanikabidhi kama mtu anayerudisha chungu cha kuazima, kisha akarudi kukamua.

Basi, ndugu zangu, tulikuwa tumeingoja mimba mpaka majirani wakachoka kuuliza. Nayo ikaja! Yohana alikuwa akifanya kazi relini Dodoma, kubeba mawe, na siku aliyosikia habari alitembea kuja nyumbani huku anacheka peke yake njiani, watu wakamdhania amekunywa. Mama mkwe alinipa maziwa ya ng'ombe wake mweupe, ambayo hakuwahi kumpa mtu.

Mvua zikaanza. Nami nikaanza kuangusha vitu.

Kwanza mwiko. Kisha bakuli. Vidole vya mkono wa kulia vilikuwa vinajikunja na kujikunjua vyenyewe, kama vya mtu anayepiga zeze lisiloonekana. Nikavikalia. Nikafanya kazi kwa mkono wa kushoto, na huo nao ukajifunza. Kisha uso wangu. Ndugu zangu, uso wangu ulianza kuwakonyeza watu ambao sikuwa na shida nao! Mzee Petro, mzee wetu wa kanisa, mtu wa heshima na ndevu, alikuwa anasoma Mithali, nami nikamkonyeza mbele ya mke wake. Akapoteza mstari. Nikamkonyeza tena.

Halafu ikaja Jumapili ya mabega.

Ninyi mnazijua ngoma za kwetu. Mnajua mabega ya mwanamke wa Kigogo yanavyosema, na mnajua tulipobatizwa tuliambiwa mabega sasa yakae kimya. Tulikuwa tumesimama tunaimba. Bega langu la kulia likaruka. La kushoto likalijibu. Shingo ikaona isibaki nyuma. Nilijitahidi kulizuia la kulia, la kushoto likafurahi zaidi. Wimbo ulikuwa wa kuhuzunikia dhambi.

Mzee Petro alinisubiri nje. "Damari, mke wa Yohana," akasema, "ngoma umeikumbuka?"

"Baba, sikucheza."

"Nimekuona."

"Nami nimejiona, baba. Lakini sikucheza."

Sasa mtu atamjibu nini mtu anayesema hivyo, huku bado bega linaruka? Akaniambia nikae nje ya kanisa, chini ya ukuta, mpaka nitakapotubu. Nikakaa. Sikujua nitubu nini, nikatubu kila kitu nilichokumbuka, mabega hayakusikia.

Na huko kisimani, wanawake wasioamini wakanipokea kwa vigelegele! "Karibu nyumbani, Damari! Tulisema vitabu havitayaweza hayo mabega!" Wakapiga makofi, wakanisifu nilivyo mwepesi. Basi nikawa mtu niliyetolewa kanisani kwa kucheza, na wachezaji wananitamani, na mimi mwenyewe sijacheza hata kidogo. Nikarudi nyumbani na kibuyu nusu, maana nusu nyingine ilikuwa mgongoni mwangu.

Kucheka tulicheka. Kisha siku moja askari wa boma akapita, ametoka mbali, ana kiu. Akasimama mlangoni na bunduki yake, akaamuru maji. Nikamletea katika kata kwa heshima zote, nimepiga magoti kabisa. Mkono ukayachukua maji yale ukamtupia kifuani.

Ndugu zangu, alikuwa na vifungo vinavyong'aa. Akavitazama. Akachomoa kiboko.

Mama mkwe alitoka upande wa ng'ombe na mikono yake ina maziwa. Hakupiga kelele. Akaja akasimama kati yetu, akanishika mkono wangu wa kulia akamwekea askari kiganjani, kama anayemwuzia samaki.

"Shika, baba," akamwambia. "Shika, usiogope."

Askari akashika. Mkono wangu ukamminya, ukamwachia, ukamminya, ukamwachia.

"Unasikia? Ananikamua hivyo hivyo mimi kila siku. Nami si ng'ombe. Wewe baba, una maziwa?"

Askari akaurusha mkono wangu kama mtu aliyeshika kaa la moto. Akamtazama mama mkwe, akanitazama mimi, nami kwa bahati mbaya nikamkonyeza. Akaondoka bila kunywa. Alikwenda mbio kuliko alivyokuja.

Siku ile hatukucheka. Mama mkwe alikaa akasema wazi kile alichokuwa anakisema pembeni, kwamba hii ni mizimu ya upande wa mama yangu, inataka ngoma, na ngoma itapigwa mavuno yakiisha. Yohana akija anasema hapana, tumebatizwa. Mama anasema basi wewe uliyebatizwa mtulize. Wanagombana juu ya kichwa changu, na kichwa chenyewe kinatikisika, hakuna ajuaye kama nakubali au nakataa.

Kisha akaja wifi yangu Sechelela kutoka Ipagala, mgongoni ana mtoto wake anayenyonya. Alikaa siku moja ananitazama. Ni mwanamke mpole. Jioni akasema, pole pole, huku anachambua mboga, "Wifi, nimewaza. Huyo akizaliwa, nimchukue mimi. Maziwa ninayo. Atakaa Ipagala mpaka utakapopona." Akachambua jani jingine. Kisha akasema, "Au akue huko huko."

Hakuna aliyempinga. Yohana alitazama mlango. Mama mkwe alitazama ng'ombe. Sikuweza kumchukia Sechelela, kwa sababu alikuwa amesema kile ambacho wote tulikuwa tunakiona. Mtu asiyeweza kushika mwiko atashikaje mtoto?

Siku ya pili wote walikuwa shambani. Nikachukua kibuyu kirefu cha maziwa, kitupu, nikakifunga nguo vizuri, nikakitengenezea na kichwa, nikakipakata. Nilitaka kujua tu. Nikakaa chini kabisa, mgongo ukutani, nikakiimbia. Kikatulia kidogo, nikaanza kufurahi. Kisha mkono ukakitupa. Kilipiga jiwe la kusagia, kikapasuka katikati.

Ndugu zangu, hapo ndipo niliposali. Nimesikia watu wakitoa ushuhuda wa sala ndefu zenye maneno mazuri. Yangu ilikuwa hii: "Bwana, uso ukiendelea kukonyeza nitavumilia. Mabega ukitaka chukua. Nipe mikono tu ya kumshikia huyu. Amina." Basi. Nilipoinua macho mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni. Alikitazama kibuyu, ile nguo, na kile kichwa nilichokitengeneza. Kilikuwa kibuyu chake kizuri kuliko vyote. Nililingoja neno lake, maana yule hakuwahi kuliacha neno lipite bure.

Akaviokota vipande. Akasema, "Kesho tunakwenda Mvumi kwa yule Bibi wa dawa. Mizimu itangoja."

Tukaenda. Mimi, mtu wa ndani! Njia nzima nilikuwa naiaga miti. Mama mkwe alinishika kiuno kwa kitambaa chake, na kila nilipojikwaa alisema, "Yordani iko upande gani, Msomi? Tupeleke."

Bibi wa dawa wa Mvumi alikuwa mwanamke wa Kizungu mrefu, mwembamba, mwenye miwani na viatu vya mwanamume. Kiswahili chake kilikuwa kifupi kama cha mtu anayelipa kwa kila neno. Nilidhani atanipa chupa, nirudi nyumbani. Hakunipa kitu. Alikaa kwenye kigoda akanitazama, tu. Alinitazama nikikaa, nikisimama, nikitembea mpaka mlangoni. Aliniambia nitoe ulimi niuache nje. Nikautoa, ukarudi ndani wenyewe. Nikautoa tena, ukarudi kama mjusi aliyeona mtu. Kisha akanipa vidole vyake viwili nivishike.

"Ah," akasema. "Anakamua."

Mama mkwe akaruka alipokaa! "Mimi nilisema! Nilimwambia na askari!"

"Ulisema vizuri, mama," akasema Bibi. "Kwetu nako wanasema hivyo hivyo, mkono wa kukamua." Nakuambieni, tangu saa ile mama mkwe alimwona Bibi kuwa mtu mwenye akili.

Kisha maswali. Utotoni niliwahi kuumwa koo, na homa, na viungo kuvimba, leo goti, kesho kiwiko? Niliwahi, ndiyo, nikiwa msichana shuleni, nilibebwa kwa machela. Alijuaje? Akaniwekea sikio kifuani akasikiliza moyo kwa muda mrefu. Halafu akamgeukia mama mkwe.

"Akilala usingizi, anatikisika?"

Mama mkwe akafikiri. "Akilala? Akilala ni jiwe. Hata inzi anamtua usoni."

"Kila mara?"

"Kila mara. Kulala anajua sana huyu."

Bibi akatikisa kichwa, kwa kutaka mwenyewe, siyo kama mimi. Akatueleza kwamba ule ugonjwa wa koo uliacha kitu ndani yangu, kimelala, na mimba imekiamsha. Si wazimu. Si kilevi. Si ngoma. Ni mishipa inayopeleka habari mwilini, imepotoka habari zake. Mara nyingi mtoto akizaliwa mama hutulia, baada ya majuma au miezi. Mara nyingi, akasema, siyo kila mara, naye hatatudanganya.

Mama mkwe akasema, kama anayejisemea, "Mizimu gani hiyo inayokwenda kulala usingizi mzima, na watu wote wakiwapo?" Na habari ya ngoma ya mavuno haikutajwa tena.

"Dawa yake, Bibi?"

"Apumzike. Asilime, asisage, asibebe maji. Akae ndani, pametulia, anywe maziwa."

Ndugu zangu! Tangu kuumbwa kwa ulimwengu haijawahi kutolewa dawa iliyoandikwa kwa jina la mtu kama ile! Nilitaka kucheka, lakini nilimwona mama mkwe amefumba macho. Ulikuwa wakati wa palizi.

Kisha Bibi akasema lazima tujue kama ninaendelea vizuri au vibaya, na macho ya watu wa nyumbani husahau, kwa hiyo lazima nifanye jambo moja lile lile, mahali pale pale, kila Jumapili. Akaleta vikombe viwili na maji. Nimimine kutoka hiki kwenda hiki, tuone kinachomwagika.

"Maji?" akauliza mama mkwe. "Makusudi?"

"Kidogo tu."

"Bibi, kwetu maji hayamwagwi kwa kujaribu. Mtu akipita akaona, atasema tumerukwa na akili nyumba nzima." Akawaza. "Uwele. Amimine uwele kutoka kibuyu kwenda kibuyu, juu ya ngozi ya ng'ombe. Ukimwagika tutauokota."

Bibi alifurahi sana. Ikawa hivyo. Ulimi nje, kisha nimkamue mama mkwe vidole, kisha nisimame juu ya ngozi uani nimimine uwele, mkono wa kulia, halafu wa kushoto. Naye Bibi atapita kijijini kwetu na punda wake kila mwezi mpya, kuniona.

Lakini kuna wengine waliopata habari ya uwele ule. Kuku.

Jumapili ya kwanza nilimwaga mpaka ngozi haikuonekana. Kuku wetu walikuja kwa woga, wakaonja, wakanitazama kwa upendo ambao sijawahi kutazamwa. Jumapili ya pili walikuja na marafiki. Baadaye mama mkwe akichukua ile ngozi ukutani tu, wanatoka nyuma ya zizi, juu ya paa, kwa jirani, wanakimbia na mbawa zimefunguka kama watu waliosikia kengele. Nilikuwa sina mahali kanisani, lakini usharika wangu uani ulikuwa mkubwa!

Tumbo likakua, na kutikisika kukazidi. Miezi ile ya mwisho ilikuwa mibaya, sitawaficha. Nililala chini juu ya ngozi nyingi kwa sababu kitanda kilinitupa. Nililishwa uji na mama mkwe, na uji mwingi aliuvaa yeye. Hakuacha kunitania hata siku moja, nami nilianza kuelewa kwamba siku atakayoacha nitakuwa nimekufa. Mzee mmoja jirani akashauri nifungwe kamba nisijiumize.

"Mbuzi ndiye hufungwa," mama mkwe akamjibu. "Na mbuzi wako mwenyewe hufungi, wanakula mtama wangu."

Na Bibi alipokuja mwezi ule, aliona uani hakuna kuku hata mmoja. Nikamimina uwele, ukamwagika, mama mkwe akausogeza upesi kwa mguu chini ya ukingo wa ngozi. "Kidogo tu leo," akasema, "amepata nafuu." Ndani ya nyumba kukasikika kelele za kuku wengi waliofungiwa gizani.

Bibi akamtazama. "Mama, fungua mlango."

Akafungua. Walitoka kama mto! Wakaenda moja kwa moja pale mguuni pake, wakafukua uwele wote aliouficha.

Mama mkwe aliona haya, kitu ambacho sijakiona tena. Akasema, "Nilidhani ukiona vibaya utasema mtoto aende Ipagala."

"Nikidanganywa, nitamdanganya na mgonjwa," akasema Bibi, lakini kwa upole, na mkono wake ulikuwa begani mwa mama mkwe. "Kuku waache. Kuku ni waaminifu."

Hapo ndipo tulipokubaliana wote, na Yohana akiwapo. Mtoto akizaliwa, nitamnyonyesha nimelala, mama mkwe akimshika. Nisimpakate peke yangu. Sechelela atakuja kutusaidia mavuno, na atakapomaliza kupura na uwele kuingia vilindoni kuhifadhiwa, atarudi Ipagala. Kama hapo kuku bado wanakula chini yangu, atarudi na mtoto. Kama hawana cha kula, mtoto ni wangu. Nilisema sawa. Nilisema sawa kwa mdomo.

Mzee Petro naye alikuja, alasiri moja, kuniuliza kama nimetubu. Akanikuta nimelala. Mama mkwe hakumwamsha mtu, akampa kigoda. "Kaa, mzee. Tazama mabega." Mzee Petro akakaa. Alikaa mpaka kivuli kikahama. Nilipofumbua macho nilimwona ananitazama na machozi yamo kwenye ndevu, nami kabla sijamwamkia bega likaruka. Akasema, "Binti yangu, uliniambia hukucheza." Jumapili iliyofuata Yohana na vijana walinibeba mpaka ndani ya kanisa, mstari wa mbele. Nilimkonyeza mzee wakati wa zaburi. Safari hii alikonyeza naye! Mke wake alicheka kwa sauti.

Mtoto akazaliwa, wa kike, mzima, ana nywele nyingi. Tukamwita Nyemo, yaani furaha. Bwana ni mwema! Lakini ndugu zangu, mimi nilikuwa nimejiambia moyoni, akitoka tu, nitatulia saa ile ile, kama bahari ilivyotulia. Haikuwa hivyo. Jumapili baada ya kuzaliwa kwake nilisimama juu ya ngozi, na kuku wakala wakashiba. Sechelela alikuwa amekuja. Nilikuwa nasikia fimbo za kupura uwele huko nje kutwa nzima, pu, pu, pu, na kila pigo liliniambia Ipagala.

Nikawa nalala na mwanangu kando yangu, mama mkwe amemshika, ananyonya, nami natazama tu. Mikono yangu niliilalia. Kuna uchungu wa kumwona mtoto wako kwa karibu hivyo na kumwogopea kwa sababu yako mwenyewe. Sijui kuueleza, nauacha hapo.

Jumapili iliyofuata kuku walikula. Iliyofuata walikula, lakini wawili walipigania punje. Ulimi wangu ulikaa nje mpaka nikaona aibu nikaurudisha mwenyewe. Iliyofuata nikamkamua vidole, akasema, "Maziwa yamepungua." Basi. Mimi niliogopa kuuliza, kama mtu anayepita karibu na ndege aliyetua.

Kupura kukaisha. Uwele ukaingia vilindoni. Sechelela akafunga mzigo wake, akasema kesho, Jumapili, baada ya kanisa, ataondoka.

Siku ile sikumsikiliza mzee Petro hata neno moja, Bwana anisamehe. Tulirudi nyumbani. Yohana alikuwapo. Sechelela alikaa kizingitini, mtoto wake mgongoni, Nyemo mapajani. Mama mkwe akatoa ngozi ukutani, na kuku wakaja, wote, na wa jirani, wakajipanga kuzunguka. Nikavishika vibuyu viwili. Mkono wa kulia. Uwele ukaanza kushuka, nikausikia ule mlio wake, shaaa, mrefu, mmoja, haukukatika. Nikabadilisha. Mkono wa kushoto. Shaaa.

Wote tukawatazama kuku.

Kuku waliitazama ngozi. Wakageuza vichwa, jicho hili, kisha jicho lile. Jogoo akakwaruza mara moja, akanitazama mimi kwa masikitiko makubwa, akaondoka. Tetea wakamfuata. Mmoja mwekundu alibaki, mlafi kuliko wote, akazunguka miguu yangu, akanidonoa kidole kana kwamba ananikumbusha deni. Kisha naye akaenda zake nyuma ya zizi.

Mama mkwe akasema, "Kuku wameondoka." Sauti yake haikuwa yake. Akamgeukia Sechelela. "Mpe mama yake."

Sechelela akasimama akaniletea. Nikamchukua Nyemo, nimesimama, peke yangu, juu ya ngozi ile. Mikono ikakaa. Ndugu zangu, ikakaa! Mtoto alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, nilikuwa sijawahi kuujua uzito wake. Akapiga chafya, akalala. Yohana alikwenda nyuma ya nyumba, akasema anaangalia ng'ombe, na ng'ombe walikuwa malishoni. Sechelela alitukumbatia sisi wawili, akalia kwa furaha kuliko mimi. Mama mkwe alimkamata yule kuku mwekundu, akamfunga miguu, akamkabidhi Sechelela wa kwenda naye Ipagala. "Mchukue huyu," akasema, "ndiye aliyekula zaidi."

Asante Bwana! Asante kwa Bibi wa Mvumi aliyetazama kabla ya kusema. Asante kwa mzee Petro aliyekubali kukaa kigodani. Asante kwa mama mkwe, ambaye mwaka uliofuata alinisindikiza kanisani kama kawaida, akafika mlangoni, akasema jua ni kali leo, akaingia. Hajatoka mpaka sasa, na anaimba vibaya.

Bibi ameniambia jambo hili linaweza kurudi nikipata mimba nyingine. Kwa hiyo mwezi hadi mwezi bado naitandika ngozi, namimina uwele wangu. Nyemo hunishikia kibuyu. Kuku wa siku hizi hawajui hata kwa nini tunafanya hivyo.

Sasa wewe unayesoma, au uliyekaa karibu na mlango. Huenda nyumbani kwako yuko mtu ambaye mwili wake unakwenda bila ruhusa yake. Mkono unatetemeka, mguu unaburuta, uso unacheza. Usimfunge. Usimcheke isipokuwa yeye mwenyewe ameanza. Usimpe jina kabla hujakaa ukamtazama amelala. Mpeleke kwa wanaojua, hata kama wewe ni mtu wa ndani kama mimi, maana njia ya Mvumi haijanimeza. Na umwamini Bwana, kwa maana sala yangu ilikuwa fupi kuliko zote mlizosikia hapa, naye aliisikia mpaka mwisho.

Mikono niliyoandikia haya ni ile ile. Someni wenyewe, mistari imenyooka.